Moyo unapapatika usiku: ninywe vidonge vya potasiamu?

SWALI: Shikamoo mama muuguzi. Nina miaka 46, naanika dagaa hapa Igombe, Mwanza. Tangu mwezi uliopita nikilala moyo unapapatika kama sato aliyetolewa wavuni, kisha unatulia. Nina presha, na kidonge ninachotumia kinanikojoza sana. Kwa kuwa choo kiko mbali, mchana sinywi maji. Asubuhi ni chai ya rangi, saa nane kinywaji cha kuongeza nguvu. Jirani kaniuzia vidonge vya potasiamu. Ninywe?

JIBU: Marahaba mwanangu. Usivinywe. Potasiamu ni madini ya mwilini, na kwenye damu inatakiwa iwe milimoli 3.5 hadi 5 kwa lita. Ikishuka moyo unayumba, ikizidi sana moyo unaweza kusimama. Vidonge vingi vya kukojoza hutoa maji pamoja na potasiamu na magnesiamu, na magnesiamu ikipungua, hata potasiamu unayoongezewa haikai, figo zinaimwaga. Lakini zipo dawa nyingine za presha ambazo huizuia potasiamu mwilini. Wewe hujaniambia unatumia ipi, na jirani yako hajui.

Mama yangu naye alianika dagaa, Kayenze. Jioni kola ya gauni lake ilikuwa na mstari mweupe wa chumvi iliyotoka na jasho. Ila kibuyu cha uji wa mtama hakikumbanduka. Wewe unatoka jasho kutwa, unakojoa, na hurudishi kitu. Damu inayozunguka inapungua, moyo unapiga haraka kuziba pengo, halafu unauongezea kafeini, kichangamshi kilichomo kwenye chai na kinywaji cha nguvu. Hapo ndipo ninapoona shida yako ilipo.

Kama daktari hakukuambia upunguze maji, kunywa kidogo kidogo tangu alfajiri, mpaka mkojo uwe njano hafifu. Yawe yamechemshwa, si ya kuchota ziwani. ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji, usiifanye kinywaji cha kila siku, ina chumvi na wewe una presha. Kuhusu choo, ongeeni wanawake wote wa mwaloni, hapo samaki wanaposhushwa, mumkabili mwenyekiti wa mtaa. Hilo ni jambo la afya kabisa, msilionee aibu. Kinywaji cha nguvu acha leo. Kidonge cha presha usikiache.

Ukipapatika tena, weka vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, upande wa dole gumba, uhesabu dakika nzima. Mtu mzima aliyetulia huwa kati ya 60 na 100. Sikiliza na mwendo: unakwenda sawasawa kama mchi kinuni, au unaruka na kukatika? Andika.

Wiki hii nenda hospitali na karatasi hiyo. Omba kipimo cha umeme wa moyo, potasiamu, figo, tezi ya shingo na wingi wa damu, maana huku kwetu malaria, minyoo na hedhi nzito humaliza damu na moyo ukaenda mbio vilevile. Ukibanwa kifua, ukikosa pumzi au ukizimia, usingoje wiki iishe, wakupeleke saa hiyohiyo. Dawa zako zote zibebe, na hivyo vya jirani pia.

Majibu yakionyesha figo zako ni nzima na potasiamu iko chini, niandikie, tuzungumze vyakula vyenye potasiamu: michembe (viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa), maharage na mchicha.