Kwa anayeanza kusoma mimenyuko inayopembea

Mara ya kwanza nilipoona mchanganyiko ukigeuka kutoka mwekundu kuwa bluu, ukarudi mwekundu, ukageuka tena, nilidhani nimeona kanuni ya pili ya themodinamiki, isemayo kwamba mabadiliko ya hiari huelekea upande mmoja tu, kwenye msawazo, ikivunjwa mbele yangu. Huenda nawe utadhani hivyo. Kinachotupoteza ni mfano wa pendulamu. Ung'oe kichwani mapema. Pendulamu hupita katikati, penye msawazo, kwa nguvu ya mwendo ilionao. Molekuli hazina kitu cha kuzisukuma hivyo. Mmenyuko hauvuki msawazo wake, yaani hali ambapo hakuna tena badiliko la jumla, ukaenda ng'ambo kisha ukarudi.

Basi nini kinapembea? Ni vitu vya katikati tu, vile vinavyozalishwa na kuliwa njiani. Katika mmenyuko wa Belousov na Zhabotinsky, ule wa rangi niliotaja, bromidi inapokuwa nyingi huimeza HBrO2 (asidi bromasi) na kuizuia. Bromidi ikipungua kupita kiwango fulani, HBrO2 huanza kujizalisha yenyewe kwa kasi, kichocheo, kinachoharakisha mmenyuko na kubeba rangi, kinaoksidishwa (kinanyang'anywa elektroni) na rangi inabadilika ghafla. Kichocheo hicho kilichooksidishwa hushambulia asidi maloniki iliyokwisha kubeba bromini, bromidi inaachiwa upya, breki inakamata. Wanakemia Field, Kőrös na Noyes waliueleza mfuatano huu mwaka 1972. Usome polepole, hatua kwa hatua, hata ukikuchukua wiki.

Muda wote huo malighafi, yaani bromati na asidi maloniki, zinaliwa na hazirudi. Chukua karatasi, chora ukolezi wa bromidi ukipanda na kushuka, kisha chini yake nishati huru ya Gibbs (kipimo cha jinsi mchanganyiko ulivyo mbali na msawazo) ya mchanganyiko mzima: mstari unaoshuka tu, bila kuinuka hata mara moja. Mchoro huo ulinifaa kuliko nadharia yote niliyokariri.

Belousov, mkemia wa Kisovieti, aliona jambo hili miaka ya 1950 mwanzoni, makala yake ikakataliwa kwa hoja kwamba haliwezekani. Ilimuuma, na ilitunyima sote miaka mingi. Hata hivyo waliokataa walikuwa na chembe ya ukweli: karibu na msawazo, kupembea hakuwezekani kweli. Hawakuuliza tu mchanganyiko ule uko mbali kiasi gani na msawazo. Wewe uliza hilo kwanza, kila mara.

Maabarani, tumia maji yaliyotoneshwa. Nilipoteza siku mbili nikirekebisha vipimo kumbe kloridi kidogo ya maji ya bomba ndiyo iliyokuwa ikiua mmenyuko. Vaa glavu na miwani. Bromati si ya kuchezea.

Halafu usimwage bika mara rangi zinapoanza kukuchosha. Pima kila mzunguko kwa saa, uone muda unavyobadilika kadiri malighafi inavyopungua, na ubaki hapo hadi rangi moja itakapotulia na isibadilike tena. Ukitaka kupembea kuendelee, itakubidi uingize malighafi mpya bila kukoma huku ukitoa iliyotumika.