Maswali ya Wasomaji: Wazee wa Onomichi na watoto wa nyumbani

SWALI: Likizo hii nataka kutazama na wanangu Tokyo Story, ile ya Kijapani ya wazee wanaokwenda mjini kuwatembelea watoto wao. Wana miaka 7, 11 na 14. Nimeambiwa haina ubaya ila inakwenda polepole mno. Wataiweza?
Mama wa Watatu, Morogoro

JIBU: Wa 14 ataiweza, wa 11 ataiweza mkiigawa, wa 7 mwache akacheze.

Ngumi na mambo ya chumbani hamna. Kuna babu anayerudishwa usiku na askari, amelewa chakari, na karibu na mwisho kuna msiba: bibi analala hajitambui, kisha tunamwona amefunikwa kitambaa cheupe usoni, wanawe wamemzunguka. Kama mmefiwa karibuni, wadokeze watoto mapema.

Kwenda polepole kwenyewe si tatizo kubwa. Yasujiro Ozu aliitengeneza mwaka 1953, nyeusi na nyeupe, dakika 136, na kamera yake imetulia chini kama jicho la mtu aliyeketi mkekani. Hilo mtoto hulizoea. Kinachompoteza ni matukio yanayorukwa. Wazee wanafunga mizigo Onomichi, mji wao, mara yanaonekana mabomba ya moshi, kumbe tayari ni Tokyo. Baadaye bibi anaugua kwenye treni, nasi tunaisikia habari hiyo mdomoni mwa mwanawe wa Osaka. Kwa hiyo andika ukoo kwenye karatasi kabla ya kuwasha: Koichi daktari, Shige mwenye saluni, Keizo wa Osaka, Kyoko mwalimu aliyebaki nyumbani, na Noriko, mkwe, mjane wa Shoji aliyepotelea vitani. Bila karatasi hiyo utaulizwa "huyu nani?" mpaka uchoke.

Maandishi ya tafsiri nayo yana kero yake: mara nyingi ni meupe, yanapotelea kwenye mashati meupe. Yageuze yawe ya njano kama mtambo wako unaruhusu. Wa 14 amsomee mdogo wake kwa sauti, ila asiwaige madijei wa filamu za kutafsiriwa, ambao hawauachi ukimya upite. Wahusika wakinyamaza, naye anyamaze.

Gawa siku mbili. Ya kwanza ikomee wazee wanaporudi kutoka Atami, kwenye hoteli walikopelekwa ili wasiwasumbue wenyeji wao. Hapo ni kama nusu. Wa 11 atanaswa mapema na Minoru, mjukuu anayenuna kwa kuwa meza yake ya kusomea imehamishwa kupisha wageni. Nyumba ya vyumba viwili inaijua vizuri ghadhabu hiyo.

Wa 7 mtafutie Good Morning, ya Ozu huyohuyo, ya 1959: ina rangi, dakika 94, ndugu wawili wanagoma kusema lolote hadi wanunuliwe televisheni. Mzaha wa kujamba umejaa tele, na hao wakubwa wawili nao watasogeza viti.