Kabla Hujaandika "Ukombozi wa Mwanamke"

Wadogo zangu mnaoanza uchambuzi wa tamthilia, hebu tuelewane. Mmepewa A Doll's House ya Henrik Ibsen, ile ile iliyowahi kutahiniwa KCSE, mtihani wa kidato cha nne Kenya, na insha zinazokuja ni zile zile za kaka na dada zenu: "Dhamira kuu ni haki za wanawake. Nora anachoka kudharauliwa na mumewe, anaondoka, anafunga mlango." Basi. Halafu mnauliza alama zimekwenda wapi.

1. "Haki za wanawake" ni mada. Dhamira ni sentensi nzima, yenye kitenzi, ambayo mwenzako darasani anaweza kuibishia. Linganisha hiyo na hii: "Sheria inayomnyima mke uwezo wa kukopa kwa jina lake humgeuza mhalifu hata anapookoa maisha ya mtu." Hapo una kitu cha kuthibitisha. Kama sentensi yako haiwezi kubishiwa, ifute.

2. Chagua kitu kimoja kinachoshikika na ukifuate kutoka Tendo la Kwanza hadi la Tatu ukiwa na penseli. Pesa zinafaa kuliko vyote. Katika dakika za mwanzo kabisa Nora anampa mchukuzi krona nzima kwa kazi ya nusu krona na kumwachia chenji. Muda si mrefu mumewe, Torvald, anamhesabia noti mkononi, 10, 20, 30, 40, kama mtoto anayepewa za sikukuu. Baadaye tunajua kwamba huyo anayeitwa mbadhirifu amekuwa akilipa deni la krona 4,800 kwa siri, akijibana kwenye pesa za nguo, na kwamba msimu mmoja wa baridi alijifungia usiku akinakili nyaraka kwa malipo. Anamwambia rafiki yake Kristine kwamba kazi ile ilimfanya ajione karibu kama mwanamume. Mstari huo pigia mstari! Una uzito kuliko nusu ya hotuba mnazozinakili.

3. Sasa tuje kwenye kosa linaloniudhi: kurukia mlango. Mwanafunzi anasoma kurasa zote, halafu anajenga insha juu ya sauti ya mlango unaofungwa mwishoni, kana kwamba mambo yote ya kabla yake ni utangulizi wa kuvumilia tu. Matokeo yake dhamira inakuwa "mume mbaya, mke akaondoka". Hiyo ni habari ya mtaani, jamani, na Torvald mwenyewe haikubali: hampigi mkewe, hamnyimi chakula, halali nje. Mwandishi amemfanya mtu wa heshima makusudi. Ukimgeuza jini umeshaiharibu tamthilia.

Kiini kimewekwa mapema, katika Tendo la Kwanza, Krogstad, mfanyakazi wa benki aliyemkopesha Nora, anapoitoa habari ya hati ya deni. Fuata hatua zenyewe. Torvald aliugua; madaktari walimwambia Nora, si yeye, kwamba bila kwenda kusini atakufa. Mke hawezi kukopa bila idhini ya mumewe. Kristine anayasema hayo waziwazi, na wengi mnayaruka. Kwa hiyo Krogstad anataka mdhamini, na mdhamini ni baba yake Nora. Baba naye yuko mahututi. Nora anaandika jina la baba yake mwenyewe. Baba alifariki tarehe 29 Septemba; saini yake ina tarehe 2 Oktoba. Marehemu ametia saini siku tatu baada ya kufa.

Ziandike tarehe hizo mbili pembeni ya ukurasa wa kwanza wa daftari lako, kwa sababu zinafanya kazi tatu. Kwanza, zinaonyesha kwamba Nora hajui hata jinsi ya kughushi: hajawahi kufundishwa karatasi ya kisheria ni kitu gani. Pili, zinamfanya awe na kosa kweli. Mwandishi hakutaka tumhurumie kirahisi. Tatu, zinaleta mabishano yenyewe. Krogstad anamwambia sheria haiulizi nia. Nora anajibu kwamba basi hiyo ni sheria mbovu, kama binti haruhusiwi kumwondolea mzazi wasiwasi kitandani, wala mke kumwokoa mumewe. Dhamira imeshatamkwa, na hatujafika hata nusu ya kitabu. Isitoshe, kosa la Krogstad lililomharibia jina lilikuwa la aina hiyo hiyo, na Torvald, meneja mpya wa benki, anamfukuza kazi akimwita mtu aliyeoza, bila kujua anamhukumu mkewe.

Ndipo Tendo la Tatu linapata maana. Torvald anasoma barua ya Krogstad inayofichua siri, anamwita Nora mwongo na mhalifu, anasema hatamwachia watoto awalee, ila abaki nyumbani watu wasijue. Barua ya pili ya Krogstad inakuja na hati inarudishwa. Torvald anashangilia kwamba yeye ameokoka. Nora anauliza: na mimi je? Insha ianze hapo. Muujiza aliokuwa akiungoja, kwamba mumewe angejitwisha lawama mbele ya watu, haukutokea. Mlango ni matokeo ya swali hilo dogo.

4. Ukishapata sentensi yako, ipeleke kwa mhusika anayeipinga. Wengi huandika "ndoa ni gereza la mwanamke". Haya, na Kristine Linde je? Aliolewa mara ya kwanza bila mapenzi kwa ajili ya mama mgonjwa na wadogo zake wawili, akafiwa, sasa ana uhuru wote mnaomtakia Nora, na kwa hiari yake anamwendea Krogstad wajenge nyumba pamoja. Tofauti ni kwamba hao wawili wanajuana makosa yao kabla ya kukubaliana. Na ni Kristine huyo huyo anayemzuia Krogstad asiidai barua yake, ili ukweli usomwe. Kisha kuna yaya, Anne-Marie, aliyemwacha binti yake kwa watu ili aje kumlea Nora. Yeye pia ni mama aliyemwacha mtoto, ila aliondoka kwa sababu ya umaskini, na hakuna anayeandika insha juu yake. Anayetaka alama za juu aanzie hapo.

5. Historia: tia kidogo, na iwe sahihi. Tamthilia ilionyeshwa kwa mara ya kwanza Copenhagen tarehe 21 Desemba 1879. Mke nchini Norwe alipata haki ya kusimamia mali yake mwaka 1888. Chama cha haki za wanawake cha Norwe kilianzishwa 1884, na mwaka 1898, katika karamu ya chama hicho, Ibsen alikana kwamba alikuwa akiwapigania kwa makusudi. Alisema kazi yake ilikuwa kumchora binadamu. Usiandike basi kwamba alikuwa mwanaharakati, wala usiichukue kauli ile kama amri ya kufuta suala la wanawake, maana rasimu yake ya 1878 inasema wazi kwamba mwanamke huhukumiwa kwa sheria za mwanamume.

Kuna jaribio zuri hapa. Ujerumani, mwigizaji Hedwig Niemann-Raabe alikataa kuigiza mama anayeacha watoto, na Ibsen akaandika kwa shingo upande mwisho ambamo Nora anaonyeshwa watoto waliolala, anaishiwa nguvu, anabaki. Ifanyie dhamira yako mtihani kwa mwisho huo. Kama sentensi yako bado inasimama bila kutikisika, basi haikugusa tendo la mwisho.

6. Maelezo ya jukwaa si mapambo: Nora anavua vazi la densi na kuvaa nguo za kawaida kabla ya mazungumzo ya mwisho na mumewe. Sanduku la barua lina kufuli, ufunguo anao Torvald, na pini ya nywele iliyovunjika ndani yake ni ya Nora, ingawa anawasingizia watoto. Hesabu pia ni wapi majina ya "kindi" na "ndege wangu" yanakoma, na yanarudi baada ya barua gani.

7. Ibsen ni Mnorwe. Si Mwingereza.