Friji la biashara ya chakula: kabla ya kuuliza lita, pima joto la jikoni

Mkuu, umeuliza kama ununue friji moja kubwa la vioo la milango miwili libebe nyama mbichi, chakula kilichopikwa na vinywaji kwa pamoja, au ugawanye. Gawanya. Ila hata ukigawanya utapoteza pesa kama hujui joto la mahali friji litakapokaa, kwa hiyo naanzia hapo.

Tafuta kibandiko cha kiwandani, kipo nyuma au ubavuni kwa ndani. Kina herufi au namba inayosema friji limepimwa kwa joto gani la nje. Ya nyumbani huandikwa N (mwisho nyuzi 32), ST (38) au T (43). Ya biashara mara nyingi huwa na namba: 3 ni nyuzi 25, 4 ni nyuzi 30, 5 ni nyuzi 40. Sasa ning'iniza kipimajoto palepale unapotaka kuliweka, kwenye kimo cha kondensa (mabomba yanayotoa joto la friji nje), saa ambayo majiko yote yanawaka. Ukisoma 37 halafu ukanunua la namba 4, kompresa (mota inayosukuma gesi) haitapumzika kutwa nzima, ndani patagota nyuzi 8 au 9, na fundi atakuja kuongeza gesi ambayo wala haikupungua. Hapo tatizo moja limekuwa mawili, maana gesi iliyozidi inapandisha presha na kuichosha kompresa zaidi.

Kondensa iwe juu au chini? Ya chini ni rahisi kusafisha lakini inavuta unga na vumbi la sakafuni. Ya juu inavuta hewa ya moto na mvuke wa mafuta uliopanda darini. Karibu na karai la kukaangia nachagua ya chini, kwenye meza za unga nachagua ya juu.

Friji la vioo la vinywaji limetengenezwa kwa ajili ya chupa zilizofungwa. Soda ikiwa nyuzi 8 haimdhuru mtu. Nyama na chakula kilichopikwa vinatakiwa vikae kati ya 0 na 4, visivuke 5, na friza liwe -18. Kioo kinapitisha joto kuliko ukuta wenye povu, thermostati (vidhibiti joto) za mafriji hayo nyingi zina namba 1 hadi 7 zisizokuambia nyuzi, na mteja anafungua mlango kila dakika. Weka vinywaji humo, basi. Chakula kiwekee friji la mlango mzima usio na kioo, lenye feni ndani na skrini inayoonyesha nyuzi.

Feni nasisitiza kwa sababu jikoni mlango haukai umefungwa. Friji lisilo na feni huwa na baridi kali chini na vuguvugu juu, na baada ya kufunguliwa linachelewa kurudi. La feni linarudi haraka, ila linakausha chochote kisichofunikwa. Na feni inataka njia ya hewa: acha kama sentimita 5 kati ya vyombo na ukuta wa nyuma, wala usitandike boksi au foili kwenye rafu. Wengi wanatandika ili rafu zisichafuke, kisha wanalalamika kuwa rafu ya chini haipoi.

Kuhusu lita: zile za kwenye tangazo ni za tumbo tupu. Mimi nahesabu asilimia 60 tu kama nafasi ya kazi. Afadhali zaidi uhesabu vyombo. Trei ya kawaida ya jikoni ina sentimita 53 kwa 32.5, na rafu ya 65 kwa 53 inabeba mbili. Trei ya kina cha sentimita 10 ikiachiwa 5 za hewa inakula kimo cha 15. Friji lenye kimo cha ndani cha sentimita 130 litakupa ngazi 8, yaani trei 16. Orodhesha vyakula vyako, hesabu trei zake, ndipo uende dukani na futi mkononi.

Kosa linaloua mafriji mengi ni sufuria ya moto. Chukua lita 20 za mchuzi kwenye nyuzi 80, unataka zifike 4. Joto la kuondolewa ni 20 × 4.2 × 76, kama kilojuli 6,400, ambazo ni sawa na uniti 1.8 hivi za umeme. Friji lenye uwezo wa kuondoa wati 300 za joto litahitaji kama saa 6 hata kama halina kazi nyingine, na wakati huohuo linaipasha moto nyama iliyo jirani. Kanuni za Marekani zinataka chakula kilichopikwa kishuke kutoka nyuzi 57 hadi 21 ndani ya saa 2, kisha kifike 5 ndani ya saa 4 zinazofuata. Friji la kawaida limeumbwa kutunza baridi, kupoza vitu vya moto si kazi yake. Mimina mchuzi kwenye trei za kina cha sentimita 5, zikalishe ndani ya maji ya barafu, koroga, kisha ingiza friji. Kama unapika sufuria kama hizo tatu kila siku, nunua mashine ya kupoza haraka, ile inayotoa chakula nyuzi 70 na kukifikisha 3 ndani ya dakika 90.

Aina ya gesi ya kupoza soma kwenye kibandiko hichohicho. R290 na R600a ni nzuri na hazili umeme mwingi, lakini zinawaka moto, kwa hiyo fundi wake asiwe yule anayeanza kuchomea mabomba kabla ya kuitoa gesi. Lenye R404A liache dukani. Gesi hiyo inaondolewa sokoni hatua kwa hatua kwa sababu ya kuongeza joto la dunia, na ukivuja mfumo utaitafuta sana.

Umeme: kompresa ikiwaka inavuta ampea mara 3 hadi 6 ya zile inazotumia ikishatulia. Soketi iwe yake peke yake, bila waya wa kuunganishia. Weka kilinda umeme chenye kuchelewesha dakika 3 hadi 5, kwa sababu umeme ukikatika na kurudi papo hapo presha ndani inakuwa haijalingana. Kompresa inanguruma bila kuzunguka, kisha unasikia "tk", inajizima. Ikirudia hivyo kila siku, coili ya mota ya kompresa inaungua. Wa jenereta asiwashe mafriji yote kwa mpigo mmoja.

Likifika, kama lililazwa kwenye gari, lisimamishe kwa saa 24 ili oili irudi kwenye kompresa. Acha sentimita 10 hadi 15 nyuma, inua kidogo miguu ya mbele ili mlango ujifunge wenyewe. Liwashe tupu. Namba ya kwenye skrini usiiamini peke yake: weka glasi ya maji yenye kipimajoto rafu ya juu na nyingine ya chini, soma asubuhi. Zikipishana zaidi ya nyuzi 3, dai maelezo kabla ya kuweka mzigo. Kondensa ipigwe brashi kila mwezi, na kila wiki mbili ikiwa karibu na mafuta.

Ukiangukia la mtumba, nenda na karatasi na tochi. Fungia karatasi mlangoni na uivute, pande zote nne. Ikitoka bila kukaza, mpira umekwisha, na mpira unabadilishwa. Mulika maungio ya mabomba: alama za mafuta hapo ni mvujo. Liache liwake nusu saa, fungua kifuniko cha ndani utazame coili ya baridi. Barafu nyembamba ikienea coili yote, sawa. Ikishika pembe moja tu na kwingine kukavu, gesi imepungua, na muuzaji akisema "inahitaji kujazwa tu", muulize imekwenda wapi.