Maswali ya Wasomaji: Kuvua Besi Mweupe katika Ziwa Lewisville

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni Mkenya ninayeishi Lewisville, kaskazini ya Dallas, jimbo la Texas, Marekani. Katikati ya Aprili shemeji yangu atakuja kunitembelea kutoka Kisumu, naye ni mtu wa ziwa tangu utotoni. Ninataka kumpeleka asubuhi moja kuvua besi weupe (samaki waitwao kwa Kiingereza white bass) kwa boti ya mwongozaji, pamoja na mwanangu wa miaka tisa. Jirani ananiambia kwamba hizo ni fedha za kutupa, kwa sababu samaki wale wale huvuliwa bure ukingoni. Je, kuna haja ya mwongozaji? Ni nani kati yetu anayehitaji leseni, na tutarajie nini humo botini?

JIBU: Ndugu msomaji, jirani yako amesema kweli, ila ukweli wake ni wa mwezi Machi. Besi mweupe hukaa ziwani sehemu kubwa ya mwaka, lakini maji yanapofikia nyuzi 12 za Selsiasi au zaidi hupanda mito kwenda kutaga. Madume hutangulia, na majike hufuata baadaye. Katika eneo lenu msafara huo huanza Februari, hushamiri Machi na kupungua Aprili. Wanaotoka Ziwa Lewisville huupanda mkono wa Mto Trinity uitwao Elm Fork, mpaka wazuiwe na bwawa la Ray Roberts lililo juu yake. Wakati huo mtu yeyote mwenye ufito mwepesi na chambo kidogo anaweza kusimama ukingoni na kupata kitoweo.

Katikati ya Aprili hali imeanza kubadilika. Samaki wengi wamekwisha kutaga na kurudi ziwani, ambako hawakai mahali pamoja, kwa sababu wanafuata chakula chao. Chakula hicho hasa ni shad, samaki wadogo wa rangi ya fedha walio wa ukoo mmoja na dagaa wa Ziwa Tanganyika, na besi weupe huwawinda kwa makundi kama migebuka wanavyowawinda dagaa wa Kigoma. Leo kundi liko kwenye rasi inayopigwa na upepo, kesho liko juu ya mwinuko wa mchanga ulio chini ya maji, mbali na ukingo. Mwongozaji mzuri alikuwa ziwani jana na juzi, anajua upepo uliwasukuma shad upande gani, na ana sona, kifaa cha mawimbi ya sauti kinachomwonyesha kundi kabla hajateremsha chambo. Unachomlipa ni ujuzi huo, pamoja na boti, vifaa na mafuta. Kwa mgeni atakayekaa siku chache na mtoto asiyeweza kusubiri saa nzima bila kuguswa na samaki, mimi naona fedha hiyo haitupwi. Lau ungeniuliza kuhusu safari ya mwezi Machi ya watu wazima watupu, ningekushauri umfuate jirani yako mtoni.

Mtaondoka alfajiri, kwa kuwa mwanga hafifu huwafanya samaki wapande kula karibu na uso wa maji, na mara nyingine ndege ndio wanaotoa taarifa kwa kuzunguka na kujirusha majini pale shad wanaporuka wakikimbia. Jua likipanda, samaki hushuka na uvuvi hugeuka kuwa wa wima. Mwongozaji huituliza boti juu ya kundi kwa mota ya umeme, kisha kila mtu huteremsha chambo bandia cha madini ya risasi, chembamba na kizito, chenye ndoana chini yake, mpaka kiguse sakafu ya ziwa. Hapo hukivuta juu kiasi cha dhiraa moja na kukiacha kishuke tena, huku akiufuata mshipi kwa ncha ya ufito bila kuuachia ulegee sana. Hili shemeji yako asilipuuze, hata kama mkono wake umezoea sangara: besi mweupe mara nyingi hukamata chambo kinaposhuka, wala havuti mshipi kwa nguvu ili akujulishe. Utaona tu mshipi umelegea kabla ya wakati wake, na chambo hakijafika chini. Anayengoja kuvutwa atakosa samaki, na mtoto wa miaka tisa aliyeambiwa autazame mshipi asiondoe macho huenda akawashinda wote wawili.

Kuhusu leseni, sheria ya Texas iko wazi. Aliye chini ya miaka 17 hahitaji. Wewe unahitaji leseni ya mkazi yenye ruhusa ya maji baridi (yasiyo ya chumvi), ikiwa umeishi Texas miezi sita mfululizo kabla ya kuomba. Shemeji yako anahitaji ya asiye mkazi, na ile ya siku moja inamtosha. Leseni ya mwongozaji haiwafuniki wateja wake, ingawa wageni wengi hudhani hivyo. Zote hutolewa na Idara ya Hifadhi na Wanyamapori ya Texas, hata kwa njia ya intaneti. Mwongozaji naye lazima awe na leseni yake ya kazi, na si utovu wa adabu kumwomba akuonyeshe. Mtoto aliye chini ya miaka 13 lazima avae jaketi la kuokolea muda wote boti inapokwenda, ikiwa boti ni fupi kuliko futi 26; uliza mapema kama lipo linalomtosha mwanao, maana jaketi la mtu mzima humchomoka mtoto likiingia majini.

Uliza pia malipo ya awali yanakuwaje safari ikiahirishwa. Majira ya kuchipua Texas yana ngurumo za ghafla, na upepo wa baridi wa kaskazini unaweza kuwafunga samaki vinywa kwa siku nzima. Mwongozaji akikupigia usiku na kusema msitoke, usibishane naye. Bakshishi ni desturi huko, asilimia 15 hadi 20 ya ada, hasa akiwasafishia samaki. Kazi hiyo hufanyika baada ya kufika nchi kavu, kwa sababu sheria hairuhusu samaki kukatwa kichwa au mkia mkiwa bado majini.

SWALI: Mhariri, mimi ni mvuvi wa Kigoma. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane. Nasikia Texas mtu mmoja anaruhusiwa besi weupe 25 kwa siku, tena wakati wa kutaga. Huo ni uhifadhi gani?

JIBU: Swali lako ni la haki, na idadi uliyoisikia ni sahihi: 25 kwa siku, kila mmoja akiwa na urefu usiopungua inchi 10, yaani kama sentimita 25. Ila tazama ni nani anayevua na kwa chombo gani. Besi mweupe ni samaki wa kuvuliwa kwa mshipi na ndoana, na ni marufuku kuuza wale waliovuliwa katika maji ya umma ya Texas. Hakuna nyavu zinazomsubiri mtoni, wala hakuna kiwanda wala soko la alfajiri linalomdai. Ziwa lako linalisha miji ya nchi nne. Lile la Lewisville linawapumzisha watu wenye mishahara kwingine.

Maumbile yake nayo yanasaidia. Jike mmoja hutoa mamia ya maelfu ya mayai, ambayo hunasa kwenye mawe na changarawe na kuanguliwa kwa siku mbili au tatu bila kulindwa na mzazi. Samaki hukua upesi, na katika maziwa ya Texas wachache tu hupita miaka minne. Anayeachwa leo kwa kuhurumiwa huenda asionekane tena mwakani hata kama hakuvuliwa na mtu.

Hata hivyo, 25 ni ukomo, na mwongozaji anayejitangazia sifa ya kujaza ndoo kila siku mimi simpendekezi. Zaidi ya hayo, katika Ziwa Lewisville kuna chotara wa besi mweupe na besi wa milia, waliopandikizwa na serikali, ambao ukomo wao ni watano tu, wenye inchi 18 au zaidi. Wadogo wao hufanana sana na besi weupe. Mpapase samaki ulimini: besi mweupe ana kipande kimoja cha meno madogo nyuma ya ulimi, chotara ana viwili, na mara nyingi milia ya chotara imekatikakatika. Askari wa wanyamapori hatasikiliza hoja kwamba walifanana.

SWALI: Mhariri, mume wangu huleta besi weupe nyumbani hapa Irving, Texas, nami huwapika kama changu tulivyozoea Tanga, lakini huwa na ladha nzito isiyopendeza. Kosa liko wapi?

JIBU: Dada, kosa haliko jikoni kwako. Ukichuna ngozi ya mnofu wa besi mweupe utaona ubavuni mstari wa nyama nyekundu iliyokoza, na ladha nzito hutoka humo. Uondoe wote kwa kisu chembamba, hata kama utapoteza nyama kidogo, mpaka mnofu ubaki mweupe mtupu. Mwambie na mzee awatie samaki kwenye barafu mara tu wanapotolewa majini, asiwaburuze kwenye kamba kandokando ya boti mpaka saa nne. Samaki wa kupaka hatakufaa sana, kwa kuwa mnofu uliochunwa ngozi huvunjika juu ya makaa. Mkaange kwa ndimu, kitunguu saumu na pilipili manga, au mtie kwenye mchuzi wa nazi dakika chache za mwisho, nazi ikiwa imekwisha kuiva.