Kiboko Usiyemwona: kwa anayeanza kutafiti wanyama wa majini Uganda

Simama ukingoni mwa mfereji wa Kazinga, katika hifadhi ya Queen Elizabeth magharibi mwa Uganda, uhesabu kundi la viboko. Hesabu tena baada ya dakika moja, namba itabadilika. Hakuna aliyefika wala aliyeondoka. Waliokuwa chini wamepanda kupumua, waliokuwa juu wamezama. Kiboko mzima anaweza kukaa chini ya maji dakika tano hivi, na akipanda mara nyingi hutoa pua, macho na masikio tu, kisha anazama kabla hujamwelekezea darubini. Ugumu wa kazi hii uko hapo, iwe unatafiti viboko, mamba, fisi maji au samaki wa Ziwa Viktoria: sehemu kubwa ya unachokitafiti hukioni. Daftari lisilotofautisha "hayupo" na "sikumwona" haliponywi na takwimu za aina yoyote.

Kwa hiyo kundi la viboko halihesabiwi mara moja. Simamisha boti mbali kiasi cha kutowashtua, mita 50 au zaidi, uache dakika tano hadi kumi watulie. Kisha hesabu kila dakika kwa dakika kumi, kutoka kushoto kwenda kulia, na uandike hesabu zote kumi. Ile kubwa kuliko zote ndiyo kadirio la chini la ukubwa wa kundi. Lakini usizitupe nyingine, kwa sababu kundi lililokupa 9 hadi 17 na kundi lililokupa 16 hadi 17 hayafanani hata kidogo: la kwanza linazama sana, na huenda linazama kwa sababu yako. Watoto ndio wanaopotea zaidi, maana hulala nyuma ya mama au juu ya mgongo wake upande usiouona.

Ukipita mfereji mzima kwa boti, weka watazamaji wawili ubavu uleule, wasionyeshane kitu wala kusemezana. Kila mmoja aandike kundi aliloliona, saa, na umbali wa kukadiria. Jioni linganisheni. Tuseme wa kwanza ameona makundi 20, wa pili 18, na 15 yameonwa na wote wawili. Zidisha 20 kwa 18, gawanya kwa 15: unapata 24. Mmeona 23 jumla, kwa hiyo yumkini moja limewapita wote. Pia unajua kwamba wa kwanza aliona 15 kati ya yale 18 ya mwenzake, yaani asilimia 83. Hesabu hii inavunjika pale mmoja anaponong'ona "lile pale", na haiwezi kamwe kugundua kundi lililo ndani ya mafunjo ambalo hakuna jicho lingeliona. Hilo liandike kwenye ripoti.

Jua nalo ni mtazamaji wa tatu, na ni mkaidi. Mfereji unaelekea takriban mashariki na magharibi, kutoka Ziwa George hadi Ziwa Edward. Ukiondoka Mweya, upande wa magharibi, asubuhi kuelekea Katunguru, upande wa mashariki, mng'ao wa maji unakupiga usoni. Ukirudi alasiri kuelekea Mweya, vilevile. Anayefanya safari zote kwa ratiba hiyo atajikuta anapima mwanga na kudhani anapima viboko. Badilisha mwelekeo kwa zamu, na uandike kiwango cha mng'ao kwa alama 0 hadi 3 kila baada ya dakika kumi.

Hapo hapo kuna mtego wa ramani. Longitudo ya 30 mashariki inaukata mfereji huu, hivyo upande wa Mweya uko kanda ya 35 ya UTM (mfumo wa ramani unaoigawa dunia katika kanda na kutaja mahali kwa mita) na upande wa Katunguru kanda ya 36. GPS iliyowekwa UTM itakupa namba zinazoruka katikati ya safari, na ukizichora zote kwa kanda moja, nusu ya viboko wako watahamia mbali na maji. Tumia digrii za desimali. Na kwa kuwa uko kusini kidogo ya ikweta, usisahau alama ya kutoa kwenye latitudo: ikidondoka, kundi la Katunguru linahamia karibu kilomita 30 kaskazini.

Tukija kwenye tabia yenyewe, wengi huanza kwa kuandika chochote kinachovutia. Raha yake inaeleweka, lakini daftari la namna hiyo hujaa mapigano na miayo, wakati mnyama mwenyewe alilala kwa muda wa saa sita. Makala ya Jeanne Altmann, mtafiti wa tabia za wanyama, ya mwaka 1974 bado ndiyo msingi wa suala hili, na njia mbili kati ya alizozieleza zitakutosha kuanzia. Ya kwanza ni kumfuata mnyama mmoja kwa muda uliopangwa, tuseme dakika 15, ukiandika kila anachofanya. Ya pili ni kukagua kundi zima kila baada ya muda, tuseme dakika tano, ukiandika kila mmoja anafanya nini papo hapo. Ya kwanza inafaa kwa matukio mafupi na mfuatano wake. Ya pili inafaa kwa kujua kundi linatumiaje muda.

Wa kumfuata usimchague kwa macho. Jicho hukimbilia mkubwa, mwenye kovu, anayenguruma. Pata namba kwa kura kabla hujafika: "wa nne kutoka kushoto". Akizama, usihamie kwa jirani yake. Acha saa iendelee, andika "hayuko machoni" pamoja na dakika na sekunde, na akirudi andika tena. Unapokokotoa kasi ya tukio, gawanya kwa muda aliokuwa machoni na siyo kwa dakika 15 zote. Na kabla ya siku ya kwanza amua kikomo: mnyama akipotea zaidi ya theluthi moja ya kipindi, kipindi hicho hakitumiki. Kanuni inayotungwa baada ya kuona data si kanuni tena. Kama huwezi kuwa na uhakika kwamba aliyepanda ni yuleyule, kipindi kimeishia pale alipozama, hata kama zimebaki dakika kumi na mbili. Ndiyo maana mdiria mweusi-mweupe anayewinda mbele ya macho yako ni mwalimu mzuri zaidi kwa wiki ya kwanza kuliko kiboko: ananing'inia hewani, anajitupa majini, anatoka na samaki au mdomo mtupu, na vyote vinahesabika.

Orodha ya tabia iwe fupi, kumi na mbili hadi kumi na tano, na kila tabia ielezwe kwa umbo lake, siyo kwa nia unayomdhania mnyama. Andika "anafunua kinywa hadi meno ya chini yaonekane", usiandike "anatisha". Kama ni kutisha au la, hilo ndilo swali la utafiti. Ukilijibu ndani ya daftari, umemaliza kazi kabla ya kuianza. "Kuzama" nako kunahitaji mpaka: tuseme, pua zote mbili zimefunikwa na maji. Tenganisha hali, ambazo zina muda (kulala, kuogelea, kula), na matukio, ambayo yanahesabiwa (kufunua kinywa, kurusha kinyesi kwa mkia).

Kisha jaribuni kama mnaona kitu kimoja. Watu wawili watazame vipindi kumi vilevile bila kuchunguliana. Asilimia ya makubaliano hudanganya: kama kila mmoja wenu anaandika "kupumzika" mara 90 katika 100, mngekubaliana mara 82 hata kama mngekuwa mnajaza karatasi kwa kubahatisha (0.9 × 0.9, kuongeza 0.1 × 0.1). Kwa hiyo tumieni kappa ya Cohen, ambayo huondoa makubaliano ya bahati. Ikiwa chini ya 0.8 msianze, rudini kwenye orodha, mtafute tabia mbili mnazochanganya, kwa kawaida ni mbili tu, mziunganishe au mziandikie maelezo upya.

Lugha ina mitego yake pia. Msemaji wa Kiswahili akiuliza kwenye mwalo wa Buganda habari za mamba, mvuvi anaweza kumjibu kwa uaminifu kabisa kuhusu kamongo, yule samaki mwenye mapafu, kwa sababu kwa Kiganda ndiye emmamba. Mamba wa Waswahili wao humwita goonya. Dagaa ni mukene, sangara ni mputa, sato ni ngege, furu ni nkejje. Nenda na picha zilizochapishwa kwa rangi, onyesha, kisha uandike jina alilolitaja mvuvi kama alivyolitamka. Tafsiri ifanyike jioni.

Na saa! Msaidizi akiandika 3:20, je, ni saa tatu na dakika ishirini asubuhi au ni alasiri ya kizungu? Kwa mtindo wa saa 24 jibu ni 09:20 au 15:20, tofauti ya saa sita kamili, na mtu anayeingiza data baada ya miezi miwili hana namna ya kujua. Saa 24 tu, kwa wote, kuanzia siku ya kwanza, na saa za mkononi zilinganishwe na GPS kila asubuhi. Kamera iipige picha GPS hiyo kabla ya picha nyingine yoyote.

Kwa anayependa mageuzi ya spishi kuliko tabia, furu, wale samaki wadogo wa ziwani, ni hazina iliyo mlangoni. Ziwa Viktoria lilikauka yapata miaka 15,000 iliyopita, na mamia ya spishi za furu zimetokea au kukusanyika humo tangu maji yaliporudi. Sangara aliyeletwa miaka ya 1950 na 1960 aliwafyeka wengi, na maji yaliyochafuka yakamalizia kwa njia nyingine: mwanabiolojia Ole Seehausen na wenzake walionyesha mwaka 1997 kwamba palipo na matope madume hufifia rangi, na majike, ambao huchagua kwa rangi, hawatofautishi vizuri, hivyo spishi huchanganyika. Kwa hiyo ukipima furu bila kupima uangavu wa maji, umepima nusu.

Kifaa chake ni rahisi: sahani ya Secchi, ya kipenyo cha sentimita 20, robo nyeusi na robo nyeupe, juu ya kamba iliyowekwa alama kila sentimita 10. Ishushe upande wa boti wenye kivuli, kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, bila miwani ya jua. Andika kina inapopotea, ivute taratibu, andika kina inapoonekana tena, chukua wastani. Kamba ya katani hubadilika urefu ikilowa, basi tumia isiyovutika. Samaki mwenyewe mpige picha akiwa hai ndani ya kisanduku cha kioo chenye maji, pembeni ya kipimio cha rangi, kwa sababu rangi ya dume hubadilika dakika chache tu baada ya kunaswa. Jike la furu hubeba mayai kinywani na mara nyingi huyatema likibanwa na wavu. Ukikuta kinywa kitupu, andika "hayakuonekana".

Halafu ukubwa wa sampuli. Ukikagua kundi moja mara thelathini, huna sampuli thelathini. Una kundi moja lililotazamwa sana. Mwanaikolojia Stuart Hurlbert aliukemea mtindo huu mwaka 1984 na bado unapita kwenye tasnifu kila mwaka. Afadhali makundi kumi kwa vipindi vitano kuliko makundi mawili kwa vipindi ishirini na vitano, japo mafuta ya boti yatagharimu zaidi. Kwenye uchambuzi, kundi na mnyama viingie kama athari nasibu katika modeli mseto, yaani modeli inayojua kwamba vipimo vya kundi moja au mnyama mmoja vinafanana.

Vibali vianze miezi kadhaa kabla: Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia (UNCST) kwa utafiti, na Mamlaka ya Wanyamapori (UWA) kwa kuingia hifadhini. Ukihoji wavuvi utahitaji na idhini ya kamati ya maadili. Askari wa hifadhi atakayepangwa kwenda nawe mtambulishe kwenye orodha ya tabia kama mwenzako. Yeye ndiye anayejua njia za viboko za usiku, na njia hizo hupaswi kuwa juu yake jua likizama. Usisimame kati ya kiboko na maji. Mzoga wa kiboko usiguswe hata kwa kijiti, maana kimeta kimewahi kuua mamia ya viboko katika hifadhi ya Queen Elizabeth, mwaka 2004 na 2005. Andika mahali mzoga ulipo, toa taarifa, ondoka. Ukiingia majini kwenye mwambao wa Ziwa Viktoria, chukulia kwamba umeambukizwa kichocho: pimwa na umuone daktari kuhusu prazikwanteli, dawa ya kichocho, wiki sita hadi nane baadaye, kwani ikimezwa mapema mno haiwaui minyoo wachanga.

Data iingizwe jioni ileile, wakati mwandiko bado unasomeka na mtu bado anakumbuka. Penseli na karatasi isiyolowa, kisha picha ya kila ukurasa kabla ya chakula. Kwenye lahajedwali tumia alama tatu tofauti: 0 kwa tulitazama na halikutokea, X kwa alikuwapo lakini hayuko machoni, na NA kwa hatukutazama. Kisanduku kisiachwe kitupu hata kimoja, kwa sababu atakayejumlisha safu hiyo mwakani atakisoma kama sifuri.