Hesabu ilisema mifuko 120, Kasumbalesa ikasema lingine

Kaka wa Bukavu, umeuliza kama kiwanda chako cha juisi kinaweza kuamua mambo kwa hesabu za wachumi, au hizo ni za kampuni kubwa za migodi tu. Nakujibu kwa yaliyonikuta hapa Lubumbashi nilipokuwa nikishika stoo ya kiwanda kidogo cha sabuni.

Soda kaustiki ya kupikia sabuni ilitufikia kupitia Kasumbalesa, mpakani na Zambia, mifuko 600 kwa mwaka. Kila oda ilikula dola 120 mbali na bei ya mzigo: safari, makaratasi, wakala wa duane (forodha). Kuhifadhi mfuko mmoja mwaka mzima tulikadiria dola 10, maana makuta (pesa) yamelala pale, na soda hunyonya unyevu. Mvua zikianza inaganda. Kanuni ya kujua uagize mingapi kwa mara moja ni ya zamani, mhandisi Mmarekani Ford Harris aliichapisha 1913: mara mbili ya matumizi ya mwaka, zidisha kwa gharama ya oda, gawanya kwa gharama ya kuhifadhi, tafuta kipeuo cha pili. Ikatoka 120, yaani oda tano kwa mwaka.

Patroni na mhasibu wakabishana wiki mbili kama ile dola 10 ni sahihi. Kelele za bure! Piga mwenyewe: ukiagiza 120, oda na stoo vinakula dola 1,200 kwa mwaka, ukiagiza 150, dola 1,230. Tofauti ni dola 30 tu.

Kilichotuumiza hakuna aliyekiuliza. Kanuni ile inachukulia kwamba mzigo unafika siku unayoutaka. Sisi tulitumia mifuko miwili kwa siku, na lori kwa wastani lilichukua siku tisa, basi tukawa tunaagiza ikibaki 18. Oda mbili zikaenda vizuri. Ya tatu ikalala kwenye foleni ya mpakani, ikafika siku ya 20. Siku 11 matangi yamepoa, vibarua wanacheza drafti getini.

Dawa tuliipata kwa mzee mlinzi, aliyekuwa akiandika kila lori linaloingia. Tulipolinganisha daftari lake na tarehe za oda, tukaona siku 6, 8, hata 15. Tukapandisha kiwango cha kuagiza kutoka mifuko 18 hadi 40, ya kutosha hata siku 20. Mifuko 22 ya ziada, dola 220 kwa mwaka. Patroni akanung'unika, nikamwuliza zile siku 11 alilipia dola ngapi.

Wewe anza na chupa na vizibo, maembe yaache kwanza. Weka hapa tarehe za oda zako tano za mwisho, ya kuagiza na ya kupokea, tupige pamoja.